Baharia wa jahazi naye ahesabiwe

(Mazungumzo juu ya afya ya mabaharia na njia za utafiti wa siku zijazo, yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali.)



Kila mwaka, tarehe 25 Juni, mataifa huadhimisha Siku ya Baharia. Siku hiyo ilikubaliwa katika mkutano uliofanyika Manila mwaka 2010, mkutano ule ule uliorekebisha Mkataba wa mafunzo na vyeti vya mabaharia. Siku hiyo hotuba husomwa bandarini, bendera hupepea, na baharia hushukuriwa kwa kazi yake. Shukrani ni jambo jema na la kiungwana. Lakini shukrani haipimi shinikizo la damu, wala haimrudishii usingizi mtu aliyelala saa nne tu kwa muda wa wiki tatu mfululizo.

Hapana shaka kwamba dunia ya leo inaishi kwa jasho la baharia. Zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa zinazouzwa baina ya mataifa, kwa wingi wake, hupita baharini. Dawa iliyo katika zahanati ya wilaya, karatasi iliyo mezani pa mwalimu, mafuta ya taa, ngano na mbolea, vyote hivyo kwa sehemu kubwa vimepita mikononi mwa mtu aliyekuwa mbali na mkewe na watoto wake. Mwaka 2021 vyama vya wenye meli vilikadiria kwamba mabaharia wa meli za biashara za kimataifa walikuwa wapatao milioni 1.89, katika meli zaidi ya 70,000. Wanawake miongoni mwao hawakufika hata wawili katika kila mia.

Hesabu hiyo ni kubwa, na yafaa ijulikane. Lakini yafaa pia ijulikane nani hayumo ndani yake. Hayumo baharia wa jahazi anayepakia boriti katika delta ya Rufiji. Hayumo baharia wa meli ya Ziwa Tanganyika. Hayumo mvuvi anayelala majini siku tano. Mazungumzo haya yanahusu afya ya mabaharia wote, lakini shabaha yake ni hao ambao hakuna anayewahesabu.

SOMO LA MACHUNGWA

Utafiti wa afya ya mabaharia si jambo geni, na pwani hii ya Afrika ya Mashariki imo katika historia yake tangu mwanzo. Mwezi Oktoba 1498, Vasco da Gama aliondoka Bara Hindi kurudi kwao. Aliondoka kabla ya kaskazi kushika, kinyume cha ada ya mabaharia wa bahari hiyo, na kwa hiyo safari ya kuvuka ilimchukua karibu miezi mitatu. Kiseyeye kiliwavamia watu wake: fizi zilivimba na kuoza, miguu ikajaa, nguvu zikaisha. Mabaharia wapatao 30 walikufa katika kuvuka huko, na kila chombo kilibakiwa na watu saba au wanane tu wenye uwezo wa kufanya kazi. Walipofika Malindi mwezi Januari 1499 waliomba machungwa kwa ajili ya wagonjwa wao, nao wakaletewa. Baadaye iliwabidi wachome moto chombo chao kimoja, kwa kuwa hawakubaki watu wa kutosha kukiendesha.

Tiba basi ilikuwako, sokoni pa Malindi. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kwa utaratibu: ni nini hasa kilichoponya? Swali hilo lilisubiri miaka karibu 250. Mwezi Mei 1747 daktari mmoja wa Jeshi la Maji la Uingereza, James Lind, aliwachukua wagonjwa 12 wa kiseyeye katika meli ya Salisbury akawagawa wawili wawili. Wote walikula chakula kimoja, lakini kila jozi ilipewa dawa yake: wengine siki, wengine maji ya bahari, wengine machungwa na malimau. Wale wa machungwa walipata nafuu kwa siku chache, na mmoja wao akarudi kazini. Lind alichapisha kitabu chake mwaka 1753. Hata hivyo, Jeshi hilo la Maji halikuamuru maji ya limau yagawiwe melini hadi mwaka 1795.

Miaka 42 ilipita kati ya kitabu na amri. Katika muda huo maelfu ya mabaharia walikufa kwa ugonjwa ambao dawa yake ilikwisha kuandikwa. Hapa pana mafunzo mawili kwa watumishi. La kwanza, ushahidi hupatikana kwa kulinganisha watu na watu katika hali moja. La pili, ushahidi uliofungiwa kabatini haumponyi mtu.

Wajapani nao walitoa fundisho kama hilo. Mwaka 1882 meli yao ya mafunzo, Ryujo, ilianza safari ndefu ikiwa na watu 376. Watu 169 waliugua beriberi, na 25 wakafa. Daktari Takaki Kanehiro alishuku kwamba chanzo kilikuwa chakula, yaani wali mweupe usio na kitoweo cha kutosha. Mwaka 1884 aliiomba Serikali yake ipeleke meli nyingine, Tsukuba, kwa njia ile ile, ila chakula kibadilishwe. Hakuna aliyekufa kwa beriberi katika safari hiyo. Takaki hakuijua vitamini, maana jina hilo halikuwapo bado. Alijua tu kuhesabu wagonjwa na kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja.

HATARI ZA LEO

Kiseyeye na beriberi vimekwisha toweka katika meli kubwa, lakini kazi ya ubaharia haijawa salama. Mtafiti mmoja, Roberts, alichunguza vifo vya kazini katika Uingereza kati ya mwaka 1976 na 1995. Aligundua kwamba baharia wa meli za biashara alikuwa na hatari ya kufa kwa ajali ya kazini zaidi ya mara 26 ya mfanyakazi mwingine wa nchi hiyo, na mvuvi zaidi ya mara 52. Hakuna kazi nyingine nchini humo iliyozipita kazi hizo mbili kwa hatari.

Hatari nyingine haziji na kishindo. Katika chumba cha mitambo joto hupanda na kelele hazikomi, na masikio huanza kufa kabla ya mwenyewe kutambua. Katika vyumba vya shehena vilivyofungwa, makaa ya mawe, magogo na vyuma vyenye kutu hula hewa safi polepole. Baharia hushuka ngazi bila kupima hewa, akaanguka kimya. Mwenziwe akimwona hushuka mbio kumwokoa, naye akaanguka juu yake. Mara nyingi mauti ya namna hiyo huchukua wawili au watatu kwa sababu ya huruma isiyo na mafunzo.

Kuna hatari zinazongoja miaka mingi. Asbesto ilitumiwa katika meli kuzuia joto na moto, na kuiweka upya hakukupigwa marufuku kabisa katika meli zilizo chini ya mkataba wa kimataifa wa usalama hadi mwaka 2011. Vumbi lake likiingia mapafuni laweza kukaa miaka 20, 30 au 40 kabla ya kuzua saratani. Baharia huyo atakuwa amestaafu, yuko kijijini kwake, na daktari atakayemwona huenda asimwulize kamwe kwamba ujanani alifanya kazi gani.

Kisha kuna chakula na mwili. Meli haina shamba wala soko. Mpishi hupika nyama iliyogandishwa, chumvi ikazidi, mafuta yakazidi, mboga zikaisha katika wiki ya pili. Baharia akimaliza zamu hana pa kutembea. Shinikizo la damu, kisukari na maradhi ya moyo vimekuwa wasiwasi mkubwa wa madaktari wa bahari, kwa kuwa mtu akishikwa na moyo katikati ya bahari, hospitali iko mbali kwa siku nyingi. Tangu mwaka 1935 kituo kilichoko Rome hutoa ushauri wa udaktari kwa redio kwa meli zilizo safarini, na Shirika la Afya Duniani lina kitabu cha tiba melini kilichotoka kwanza mwaka 1967 na kwa mara ya tatu mwaka 2007. Misaada hiyo ni mikubwa. Lakini redio haiwezi kumpasua mtu mwenye kidole tumbo.

UCHOVU NA MOYO

Mkataba unasema baharia asipumzike chini ya saa 10 katika kila saa 24, wala chini ya saa 77 katika kila siku saba. Kwa maneno mengine, mtu anaweza kufanya kazi saa 91 kwa wiki na bado sheria haijavunjwa. Mtumishi wa ofisini mwenye wiki ya saa 40 na afikiri jambo hilo kwa utulivu.

Tena hata mpaka huo hauheshimiwi. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Bahari cha Dunia, kilichoko Malmö, Sweden, kilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba madaftari ya saa za kazi na mapumziko hurekebishwa mara kwa mara ili yapendeze macho ya mkaguzi. Baharia huandika alivyotakiwa kulala, si alivyolala. Madhara ya uchovu huo hayamwishii yeye. Tarehe 24 Machi 1989 meli ya mafuta Exxon Valdez ilipanda mwamba huko Alaska, na wachunguzi wa Serikali ya Marekani walitaja uchovu na kazi nyingi za afisa wa zamu miongoni mwa sababu. Kati ya mwaka 2009 na 2012 watafiti wa Ulaya waliwaweka mabaharia 90 katika mitambo ya kuigiza safari, wakaona kwamba zamu ya saa sita kazini na sita mapumziko huchosha kuliko zamu ya saa nne kazini na nane mapumziko. Meli nyingi ndogo bado zinatumia ile ya sita kwa sita, kwa kuwa inahitaji watu wachache.

Uchovu ukikutana na upweke, moyo huumia. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwahoji mabaharia 1,572. Mmoja katika kila wanne alikuwa na dalili za sonona. Mmoja katika kila watano alisema kwamba katika muda wa wiki mbili zilizopita aliwahi kufikiri kujidhuru au kujiua. Mwaka uliofuata ugonjwa wa Uviko-19 ulifunga mipaka, na kufikia mwisho wa 2020 ilikadiriwa kwamba mabaharia 400,000 walikuwa wamekwama melini baada ya mikataba yao kwisha. Nchi ziliipokea shehena zikamkataa mtu aliyeileta.

Na bahari iliyo jirani na pwani hii imeongeza mzigo wake. Mwezi Machi 2010 meli Iceberg 1 ilitekwa na maharamia wa Kisomali ikiwa na mabaharia 24. Waliokombolewa walitoka mwezi Desemba 2012, baada ya karibu siku 1,000, na si wote waliotoka hai. Tarehe 19 Novemba 2023 meli Galaxy Leader ilitekwa katika Bahari ya Sham, na mabaharia wake 25 hawakuachiliwa hadi Januari 2025. Mtu akirejea kutoka mahali kama hapo, mshahara wake waweza kulipwa na jeraha la mwili likapona. Usiku wake utakuwaje baada ya miaka kumi? Swali hilo halijajibiwa vya kutosha popote.

MAHALI SHERIA INAPOISHIA

Haitakuwa haki kusema kwamba dunia imenyamaza. Mwaka 1920 Shirika la Kazi Duniani lilifanya kikao kizima huko Genoa kwa ajili ya mabaharia peke yao. Tarehe 23 Februari 2006 mikataba mingi ya zamani iliunganishwa kuwa Mkataba mmoja wa Kazi za Baharini, ulioanza kutumika tarehe 20 Agosti 2013. Kenya iliuridhia mwaka 2014, na Tanzania mwaka 2019. Mkataba huo unasema asiajiriwe mtoto wa chini ya miaka 16. Baharia apimwe afya, na cheti chake kisizidi miaka miwili. Atibiwe bila ya kulipa. Arudishwe kwao kwa gharama ya mwenye meli. Marekebisho yaliyoanza kutumika Desemba 2024 yanataka kila kifo cha baharia kichunguzwe na kuripotiwa kila mwaka. Hiyo ni hatua kubwa, maana kabla ya hapo hata idadi ya vifo duniani haikukusanywa mahali pamoja.

Lakini Mkataba huo huo una mlango wa kutokea. Ibara yake ya pili inaviondoa vyombo vya uvuvi. Inaziondoa meli zinazosafiri ndani ya maji ya bara tu. Na kwa kutaja jina kabisa, inaviondoa vyombo vya asili kama vile majahazi. Wavuvi walipata mkataba wao mwaka 2007. Mabaharia wa majahazi hawakupata chochote.

Yafaa ieleweke kwamba Mkataba haukukataza nchi kuwalinda watu hao kwa sheria zake yenyewe. Umewaachia wenye nyumba. Na wenye nyumba hawawezi kumlinda mtu wasiyemjua idadi yake, maradhi yake wala sababu ya kifo chake.

Chukua mfano wa kazi yenyewe. Jahazi likipakiwa boriti, saruji au chokaa, mzigo hubebwa begani, majini, kutoka ufukoni hadi chomboni. Kutweka foromali kwataka nguvu za watu wengi kwa pamoja, na mtu mmoja akiteleza kamba humkata viganja. Chombo kikivuja, maji hufuliwa usiku kucha. Maji ya kunywa hukaa katika pipa moja, choo ni ukingo wa chombo, jikoni ni sanduku la mchanga. Chokaa na saruji huunguza ngozi na vumbi lake huingia kifuani. Jua linalopiga juu ya maji huumiza macho tangu asubuhi hadi magharibi. Ngiri, maumivu ya mgongo, macho mabovu na kuhara ni maneno ya kawaida katika vinywa vya wazee wa bandari ndogo. Ni wangapi katika kila mia wanaougua? Hakuna daftari linalojibu. Baharia wa ziwa naye yuko katika hali hiyo hiyo, pamoja na malaria na kichocho cha mwambao.

Wahenga walisema: mwanamaji wa kwale, kufa maji mazoea. Methali hiyo ina hekima yake, lakini imetumiwa vibaya. Mazoea yamefanywa kuwa sababu ya kutouliza. Mtu akifa maji watu husema ndiyo kazi yake, na jambo likaishia matangani.

KASORO ZA UTAFITI ULIOPO

Kabla ya kutaja njia za mbele, hapana budi kutaja kasoro za utafiti uliokwisha fanyika.

Kasoro ya kwanza ni kwamba wanaochunguzwa ni wale walioko kazini. Baharia hupimwa afya kabla ya kupanda meli, na aliye mgonjwa huachwa gatini. Kwa hiyo anayewachunguza walioko melini huona watu wenye nguvu, akadhani kazi hiyo ni ya afya. Waliovunjika wako nyumbani, na hakuna aliyewafuata huko.

Kasoro ya pili ni hofu. Cheti cha afya ndicho mkate wa baharia. Akisema anasikia maumivu ya kifua, au kwamba hapati usingizi na moyo wake umejaa giza, huenda akanyang'anywa cheti na familia ikalala njaa. Basi hunyamaza, hununua vidonge kwa siri, na mbele ya daktari hucheka. Utafiti wowote usioiondoa hofu hiyo kwanza utakusanya uwongo uliopangwa vizuri katika majedwali.

Kasoro ya tatu ni lugha na asili. Tafiti nyingi zimefanywa na vyuo vya Ulaya, Amerika na Asia, kwa hojaji za Kiingereza, kwa maafisa zaidi kuliko mabaharia wa chini. Mswahili akiulizwa juu ya maradhi ya moyo, hajui kama anaulizwa juu ya kiungo kilicho kifuani au juu ya huzuni yake. Maneno kama wasiwasi, unyonge, simanzi na kuchoka roho yana uzito wake, na hayapimiki kwa tafsiri ya haraka haraka.

Kasoro ya nne ni kwamba tafiti nyingi huhesabu maradhi na kuishia hapo. Ni chache zinazojaribu dawa, kama Lind na Takaki walivyojaribu, zikaonyesha ni jambo gani likibadilishwa hali huwa nafuu.

NJIA ZA MBELE

Kwa kufuata kasoro hizo, kazi tano zinajionyesha.

Kwanza, kuhesabu. Kila bandari, kubwa na ndogo, ya bahari na ya ziwa, iwe na daftari moja la mabaharia: umri, chombo, aina ya kazi, miaka ya kazi. Kila kifo na kila ajali iandikwe pamoja na sababu yake. Kazi hiyo haihitaji mitambo ya fedha nyingi. Inahitaji karani mwaminifu na fomu iliyotungwa vizuri. Bila ya jumla ya walio hai, idadi ya waliokufa haimwambii mtu kitu.

Pili, kufuatilia. Vijana wanaoingia katika vyuo vya ubaharia, kama kile cha Dar es Salaam, wapimwe masikio, macho, mapafu, shinikizo la damu na hali ya moyo siku ya kwanza. Kisha wafuatwe kwa miaka 20 na 30, wawe kazini au wawe wameacha. Kundi jingine la vijana wa rika lao wanaofanya kazi za nchi kavu lifuatwe sambamba. Hapo tu ndipo itajulikana bahari imechukua nini katika mwili wa mtu.

Tatu, kulinda siri. Mtafiti asiwe ndiye mtoaji wa cheti. Majina yatenganishwe na majibu, na mwenye meli asione karatasi ya mtu yeyote. Jambo hilo liwekwe katika kanuni zenye adhabu, kwa sababu baharia amekwisha dhulumiwa mara nyingi, na ahadi tupu haitamfungua kinywa.

Nne, kuuliza kwa Kiswahili na kuuliza nyumbani pia. Hojaji zitungwe katika lugha ya bandari, zijaribiwe kwa wazee wa kazi kabla ya kupelekwa chomboni. Aidha, mke wa baharia na watoto wake waulizwe. Wao ndio wanaojua kama mtu aliyerudi ndiye aliyeondoka. Wao ndio wanaobeba miezi tisa ya upweke, na maradhi yao nayo ni sehemu ya gharama ya shehena. Vivyo hivyo wanawake wachache walio melini waulizwe wenyewe juu ya usalama wao na heshima yao, wala wasisemewe.

Tano, kujaribu. Majahazi ya bandari moja yapewe mapipa safi ya maji yenye mfuniko, sanduku la dawa za huduma ya kwanza, maboya ya kujiokolea na kitabu kidogo cha Kiswahili chenye picha. Majahazi ya bandari jirani yapewe mwaka unaofuata. Mnamo mwaka huo wa kwanza wagonjwa wa kuhara, majeraha na vifo vihesabiwe pande zote mbili. Kadhalika meli ya ziwa ibadilishe zamu ya sita kwa sita iwe nne kwa nane, na usingizi wa mabaharia upimwe kabla na baada. Matokeo yatangazwe, yawe mazuri au mabaya.

Wako watakaosema kwamba fedha hazipo, na kwamba nchi zenye watoto wengi wanaokufa kwa malaria haziwezi kumfikiria baharia kwanza. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Lakini kazi ya kwanza katika hizo tano ni daftari na kalamu, na ya tatu ni kanuni. Tena baharia haugui peke yake. Akichoka, chombo chake huzama na abiria waliomo. Akibeba maradhi, huyapeleka bandari hadi bandari. Akifa, huacha wajane na yatima ambao Serikali ile ile itatakiwa iwatunze. Kutomhesabu si kuweka akiba. Ni kuahirisha deni.

WAJIBU WA MWALIMU NA MTUMISHI

Wengi hudhani utafiti ni kazi ya maprofesa. Lakini mtumishi wa usajili wa vifo akiandika «ajali ya maji» bila ya kuandika kazi ya marehemu, amefuta ukurasa wa utafiti kwa kalamu yake mwenyewe. Mganga wa zahanati ya pwani akimtibu mtu ngiri bila ya kumwuliza kazi yake, amefunga macho mbele ya ushahidi. Safu moja zaidi katika daftari, yenye kichwa «Kazi ya mgonjwa», ingeweza kuanza utafiti mkubwa kuliko semina kumi.

Mwalimu wa pwani na wa ziwa naye ana nafasi yake. Darasani mwake wamo watoto ambao baba zao wako majini. Anaweza kufundisha hesabu kwa mifano ya saa za zamu, sayansi kwa mfano wa hewa ya chumba cha shehena, na historia kwa machungwa ya Malindi. Anaweza kuwafundisha vijana kwamba kuogelea ni elimu, na kwamba kuvaa boya si woga. Mtoto atakayeelewa hayo leo ndiye nahodha wa kesho, au karani wa bandari atakayetunza daftari kwa uaminifu.

Miaka zaidi ya 500 iliyopita mabaharia wageni walifika Malindi wakiwa wanakufa, na watu wa pwani wakawapa machungwa. Leo wanaoumia ni wana wa pwani hiyo hiyo na wa maziwa yake, na ugonjwa wao wa kwanza ni kutojulikana. Daftari la kwanza likifunguliwa katika bandari moja ndogo, jina la kwanza likaandikwa pamoja na umri, chombo na hali ya afya yake, kazi itakuwa imeanza. Lind alianza na watu 12.